Sura ya Saba: Jenereta Iliyonyamaza

Kagwe alikataa diski itoke dukani kwake, kwa hivyo Koplo Khisa akavuta kreti ya soda akaikalia.

"Afande, sikia," Kagwe alisema. "Hii ndiyo mama, ile ya kwanza kabisa. Mama haendi kituoni. Vitu vikiingia kwenu, vinatoka?"

"Mimi mwenyewe niliingia miaka kumi na tisa iliyopita na sijatoka," Khisa akajibu. "Bado koplo. Weka tusikie."

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, nyuma ya soko la Kitale. Kagwe alikuwa amepiga picha za video kwa harusi na matanga tangu enzi za kanda. Ukuta mzima wa duka lake ulijaa diski, kila moja na jina la marehemu au la bibi harusi, limeandikwa kwa kalamu nyeusi.

Kesho asubuhi hakimu angeamua kama Sellah Mukhwana atabaki kwenye ekari zake nne za Endebess au atatoka na watoto wawili na ng'ombe watatu wa maziwa. Aliyetaka atoke ni kaka yake, Derrick. Na shahidi wa Derrick alikuwa DVD moja tu. Ndani yake, baba yao, Mzee Mukhwana, amesimama na maiki kwenye mazishi ya mkewe kule Lugulu, mwaka wa 2007, akigawa mali mbele ya watu. Aliongea Kiswahili siku hiyo ili majirani waliotoka Endebess wasikie. Na DVD inasema wazi: "Shamba ya Endebess, ile ekari nne, nimemuachia Derrick."

Mzee alikuwa amekufa mwaka jana. Sellah aliapa kwamba siku hiyo alikaa mstari wa mbele na neno hilo halikusemwa. Akaenda polisi, akapewa Khisa.

Mkubwa wa Khisa aliitazama hiyo DVD dakika tano huku akila njugu. "Video ni video," akasema. "Funga faili leo kabla ya saa kumi." Mkubwa ana gari na dereva wa kumfungulia mlango. Khisa alikuwa na pikipiki yake mwenyewe, mafuta yake mwenyewe, na faili.

"Tuanze na ya Derrick," Khisa akasema.

Kagwe akampa spika za masikio. Akaweka DVD kwenye mashine moja, na VCD yake ya zamani, aliyoinasa mwenyewe kwenye mazishi hayo, kwenye nyingine.

"Wakati ule kila mtu alikuwa ananasa sauti moja tu, fujo yote pamoja," Kagwe alieleza. "Mimi hapana. Sikio la kushoto niliweka waya kutoka kwa spika za matanga. Kulia, maiki ya kamera. Hivyo ukitaka mhubiri peke yake unabonyeza kwa rimoti, unasikia mhubiri. Ukitaka watu wakilia, unabonyeza tena."

"Nani anataka watu wakilia peke yao?"

"Utashangaa."

Khisa akasikiliza. Kweli. Kushoto, Mzee Mukhwana, sauti kavu kama gunzi. Kulia, watu, kikohozi, kuku, na nyuma ya vyote jenereta: ngurrr, ngurrr, bila kupumzika. Kila "s" ya Mzee ilichachatika kama mafuta ya maandazi.

"Hiyo kuchachatika ni nini?"

"Ni VCD, bana. Nafasi yake ni ndogo, saa moja na kidogo. Picha inataka nafasi, sauti inataka nafasi. Sasa sauti inabanwa, inatupa vile vitu vidogo vya juu. DVD ina nafasi, sauti inapumua."

"Lakini hii ndiyo DVD nasikia. Na inachachatika."

"Kwani Derrick ameandika nini kwa statement ya polisi?"

Khisa akafungua faili akasoma. "'VCD ya mazishi ya mama nilihamisha kwa DVD mwaka jana ili isiharibike. Sikuongeza wala kupunguza.'"

"Haya. Ukimimina chai ya jana kwa kikombe kipya, inageuka chai ya leo? DVD iliyotoka kwa VCD itachachatika kama VCD mpaka mwisho. Endelea."

Dakika ya arobaini na moja. Mzee akamaliza kugawa Lugulu. Picha ikahama kutoka kwake ikaangalia jeneza na kina mama wa kwaya. Khisa akaruka kutoka kwenye kreti.

"Jenereta imezimika!"

"Nini?"

"Imezimika! Sikia wewe!"

Kagwe akavaa spika. Khisa alikuwa ameshika saa yake, anahesabu kwa midomo. Sekunde kumi na moja. Katika sekunde hizo hakukuwa na kuku wala kikohozi, na Mzee hakuwa tena kushoto. Alikuwa katikati ya kichwa, masikio yote mawili, safi, kila "s" imenyooka: "Shamba ya Endebess. Ile ekari nne. Nimemuachia Derrick." Kisha ngurrr, jenereta ikarudi kulia, na Mzee akarudi kushoto kuchachatika.

"Jenereta ilienda choo," Kagwe alisema polepole.

"Weka yako."

Kwenye VCD ya Kagwe, mahali pale pale, kamera haikuhama. Mzee alikohoa, akapangusa mdomo, akasema, "Ya Endebess nitasema siku nyingine." Jenereta haikunyamaza hata nukta moja.

Khisa akaandika muda wa kila kitu kwenye daftari. Halafu akatoa pingu akaziweka kaunta, juu ya makasha ya harusi.

"Mzee Kagwe, Kitale nzima ni wewe tu unajua kukata hivi."

Kagwe akaziangalia pingu, akacheka mpaka akashika kiuno. "Unanitukana, Afande! Mimi nikikata sauti, mke wa marehemu mwenyewe hajui. Ningechukua jenereta hapa mbele, niitandike chini ya hiyo sentensi kama shuka. Huyu aliyekata amefurahia sauti nzuri akasahau kwamba sauti nzuri ndiyo itamshika. Mwizi amevaa suti kwa shamba la viazi."

Khisa akarudisha pingu mfukoni. "Sauti ni ya Mzee lakini?"

"Ni yake. Lakini hiyo ni maiki ya kubana kifuani. Mwaka wa 2007 mimi sikuwa nayo, hata wewe hukuwa nayo. Imetoka siku nyingine, kwa kitu safi sana." Kagwe akainua kidole. "Ngoja. Sauti safi haifichi kitu. Sikia nyuma yake, mwisho mwisho."

Wakasikiliza mara nne, kila mmoja na sikio moja. Nyuma ya neno "Derrick", mbali, kitu kilisema: kulukulukulu.

"Bata mzinga," Khisa akasema. Tayari alikuwa anampigia Sellah simu.

"Baba yako alifuga bata mzinga?"

"Baba? Aa, hapana, Afande." Sellah alikuwa zizini, ng'ombe walisikika. "Ni Derrick. Alileta akijenga nyumba yake pale Lugulu, ati zinalinda kuliko mbwa. Alifungua nyumba 2019. Mimi nilikuwa Jeddah, kazi ya nyumba. Hata sikuona hiyo sherehe. Alipea watu CD kwa kasha ya bluu, mimi hakuniwekea."

"Baba aliongea siku hiyo?"

"Sijui. Nani angeniambia?"

Kagwe alikuwa amesikia yote. "Kasha ya bluu? Hiyo ni Blu-ray! Alikuja hapa kwangu, nikamwambia, Derrick, kule kwenu hakuna mtu ana mashine ya kucheza hiyo. Akaniambia ati anataka kitu wengine hawana. Akaenda kwa watu wa Eldoret. Afande, hiyo ndiyo babu ya sauti zote. Unasikia mpaka mtu akimeza mate."

Khisa alimfanya atie sahihi kwenye karatasi mbili, VCD ikabaki rafuni kwake, imefungwa kwa karatasi yenye sahihi ya wote wawili. Saa nne na nusu pikipiki ilikuwa imepita Kiminini.

*

Derrick alimpokea getini kwake Lugulu kwa mikono miwili. Nyumba ya mabati ya kijani, nguzo mbili mbele kama za benki. Bata mzinga sita walizunguka pikipiki wakiikagua.

"Koplo! Chai? Mkubwa wako aliniambia faili inafungwa leo."

Kwa hivyo mkubwa alikuwa amepata muda wa kumwambia Derrick. Khisa alimeza hilo pamoja na chai.

"Inafungwa. Nimebakisha vitu vidogo tu vya kuandika. Mimi shule yangu ni ya kuokota, unisaidie. Hii DVD yako, kuna mahali sauti inakuwa nzuri sana."

"Si ni DVD, bana! VCD ilikuwa ya kitambo. DVD inasafisha."

"Inasafisha yenyewe?"

"Kabisa."

Khisa akaandika: inasafisha kabisa. "Tia sahihi hapo. Sasa, siku ya kufungua hii nyumba, Mzee alipewa nafasi aongee?"

Derrick akamwongezea chai. Bata mzinga mmoja akajibu badala yake: kulukulukulu.

"Hakuongea. Alikuwa na homa. Alikaa tu."

"Na zile diski za siku hiyo? Ningependa kuona nyumba ikiwa mpya."

"Ziliharibika zote. Zilikuwa mbovu, hazikuwa zinacheza kwa mtu yeyote."

"Pole. Tia sahihi hapo pia."

Derrick akatia sahihi kubwa, yenye mkia.

Jirani wa kwanza alisema alikuwa na diski ya kasha la bluu lakini Derrick alikuja wiki jana kuichukua, ati ataleta inayocheza. Jirani wa pili vile vile. Wa tatu, mwalimu mstaafu, alisema, "Niliiweka kwa mashine ikaniandikia hakuna diski. Nikaangalia: diski iko. Nikajua mashine imezeeka kama mimi. Derrick aliichukua."

Saa sita na nusu. Mlango wa nne ulikuwa wa Edinah, dada ya marehemu Mzee Mukhwana, bibi wa miaka sabini na kitu, aliyekuwa anafukuza ndege na fimbo.

"Kalibu, mwana. Kama ni Delick amekutuma, mwambie kasha alichukua. Nilimpa kasha."

"Kasha tu, Kukhu?" Khisa akauliza, akimwita nyanya kwa lugha yao.

"Yeye aliuliza kasha? Hapana, aliuliza CD. Mimi nikampa kasha, akaenda mbio hata hakufungua. Watu wa haraka hao." Akaelekeza fimbo. "CD yenyewe iko kazini."

Khisa akageuka. Juu ya wimbi uliokuwa unaanza kukomaa, kamba ilivutwa kutoka mti mmoja hadi mwingine, na kwenye kamba diski saba zilikuwa zinazunguka, zikimulika jua huku na kule. Ndege wawili walikuwa wamekaa juu ya kamba hiyo hiyo.

"Waliogopa siku mbili," Edinah akasema. "Siku ya tatu wakajua haziumi. Kama selikali."

Khisa aliingia kwenye wimbi kwa vidole vya miguu, Edinah akimpigia kelele kwa kila shina. Diski sita zilikuwa zimebambuka; ukiangalia unaona mawingu upande wa pili. Mazishi, harusi, kwaya, zote zimekuwa vioo. Ya saba ilikuwa na mavi ya ndege upande wa picha, jina la Derrick na nyumba yenye nguzo. Upande wa chini alipaka mate, akapangusa na pindo la shati. Ikang'aa rangi ya samawati kama shingo ya kanga.

Akampigia Kagwe akiwa bado katikati ya shamba.

"Imekaa juani siku ngapi?" Kagwe alipiga kelele upande wa pili.

"Kukhu, siku ngapi?"

"Tangu wimbi utoe masuke. Wiki mbili."

"Jaribu, Afande! Blu-ray ina ngozi ngumu, si kama hizo zingine. Lakini usiiweke kwa DVD, itakuandikia hakuna diski. Tafuta mahali watu wanacheza gemu. Mashine ya gemu inaisoma."

Edinah alishika kamba. "Hiyo ikienda, ndege zangu?"

Khisa akavua kofia yake ya polisi, akaitundika pale diski ilikuwa. Ndege wote wawili wakaruka.

"Ee," Edinah akasema. "Sasa hiyo wamejua inauma."

*

Saa tisa na dakika kumi, Bungoma mjini, ghorofa ya kwanza nyuma ya stendi. Mwenye nyumba ya gemu aliitwa Wakiuru, mama mzito wa Kitale aliyeolewa Bungoma, na alikuwa anaongoza vijana kumi na wawili kama kocha.

"Mathe, karao!" mmoja akaita alipomwona polisi.

"Niaje, Afande," Wakiuru akasema bila kusimama. "Leseni iko ukutani. Moto ukiwaka mlango ni huo. Nini ingine?"

"Nataka mashine moja na spika zako zote."

"Zote zina watu. Huyu ako fainali."

"Mama, kuna mtu anafukuzwa kwake kesho asubuhi. Ushahidi uko hapa." Akaonyesha diski. "Umetoka kwa wimbi."

Wakiuru aliiangalia, akainusa. "Kuku?"

"Ndege."

"Kiplangat, simamisha fainali."

Diski iliingia. Duara likazunguka kwenye skrini, likazunguka, halafu maandishi yakatokea kwamba haisomeki. Vijana wakaguna. Khisa aliangalia saa: tisa na dakika ishirini na mbili. Simu ikalia mfukoni. Mkubwa. Akaiacha ilie.

"Toa," Wakiuru akaamuru. Akaipeleka kwenye beseni la vyombo, maji ya uvuguvugu, sabuni, akaiosha kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje, hakuzungusha hata mara moja, akaikausha na leso safi ya kanisani kutoka mkobani. Akairudisha.

Duara. Duara. Kisha nyumba ya mabati ya kijani ikajaa skrini, mpya, na kwenye spika za gemu zilizokuwa zimezoea bunduki na mashabiki, watu wote chumbani walisikia kijiko kikigonga kikombe.

"Wueh," Kiplangat akasema. "Ni kama iko hapa."

Khisa alipeleka mbele kwa rimoti ya gemu, vibaya, mpaka Wakiuru akamnyang'anya. Padri. Keki. Kwaya. Mzee Mukhwana kwenye kiti cha plastiki, na kifuani kwake, kwenye kola ya koti, kitu kidogo cheusi kama mende.

"Hapo!"

Mzee akasimama mwenyewe. Hakuwa na homa hata kidogo. Alipumua, na pumzi ilisikika ikipita puani.

"Siku ile ya mama yenu nilisema ya Endebess nitasema siku nyingine," akaanza. "Siku ni leo."

Simu ikalia tena. Khisa akaipokea, akainyoosha kuelekea spika.

"Khisa! Hiyo faili—"

"Sikia kwanza, mkubwa."

"Shamba ya Endebess," Mzee alisema. "Ile ekari nne. Nimemuachia Derrick..." Nyuma yake, kulukulukulu. Mzee akageuka, akaangalia bata mzinga kwa hasira, akangoja anyamaze. "...alime msimu huu mmoja tu, kwa sababu Sellah ako mbali, na shamba haiwezi kulala bila kulimwa. Sellah akirudi, ni yake. Mmesikia wote? Derrick, umesikia?"

Na kamera ya watu wa Eldoret, iliyolipiwa ili ionyeshe nguzo, ikageuka ikamwonyesha Derrick na kipande cha keki mkononi, akiitikia kwa kichwa.

Chumba kilipasuka. Vijana walirukaruka kama goli limeingia. Khisa alipiga meza ngumi, soda ikamwagika, akaandika dakika na sekunde: saa moja, dakika kumi na nne, sekunde hamsini. Chini yake akabandika statement ya Derrick yenye sahihi ya mkia: hakuongea, alikaa tu.

"Khisa," mkubwa alisema kwenye simu, sauti imeshuka. "Huyo ni nani anaongea?"

"Marehemu, mkubwa."

"Hiyo umeipata wapi?"

"Mahali mwenyewe alisahau kuangalia. Nakuja na mashine, na diski mbili; ya tatu Kagwe ataileta mwenyewe kortini. Hakimu atasikia ya zamani ikichachatika, ya Derrick ikichachatika isipokuwa sekunde kumi na moja, na hii. Hata asiyejua kusoma atasikia. Na mkubwa, Derrick alijuaje faili inafungwa leo?"

Simu ikakatika.

Wakiuru alikuwa tayari anakata plastiki ya kufungia diski. Khisa alimzuia, akapiga simu Endebess.

"Sellah, uko wapi?"

"Nafunga vyombo, Afande. Nimefunga nusu."

"Acha kufunga. Weka simu kwa sikio."

Wakiuru akarudisha nyuma. Vijana wakakaa chini. Mzee Mukhwana akasimama tena, akapumua, akasema yote kutoka mwanzo, na bata mzinga akamkatiza tena mahali pale pale.

Upande wa pili wa simu ng'ombe mmoja alilia.

"Amenitaja mara mbili," Sellah akasema. "Afande, rudisha. Hapo kwa jina tu."

Kabla Khisa hajafungua mdomo, Wakiuru alikuwa amebonyeza.